Waya Hauna Uso

Kuandika herufi kwenye mstari ulionyooka si ufundi. Mtu yeyote mwenye rula na subira anaweza. Mchoraji wa mabango hujulikana pale neno linapotakiwa kupinda: juu ya mlango wa duka, kuzunguka nembo ya shule, kwenye paji la lori. Hapo ndipo wenzangu wengi pale Jinja walipokuwa wanakimbia, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nakula.

Sikusoma. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia sarufi. Darasa la pili lilinitosha, au mimi nililitosha, tukaachana. Herufi nilizijua kwa maumbo yake kabla sijazijua kwa sauti. Kiswahili nilikiokota kambini, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, nikiwaandikia namba kwenye magari yao, na mpaka leo watu wa kwetu Busoga wakinisikia nakisema wanageuka kuangalia nani ameingia. Shauri lao. Lugha hiyo ilinilisha.

Njia yangu ya kupinda neno ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kama tao ni kipande cha duara, unapigilia msumari chini, unafunga kamba, na ncha ya kamba unafunga chaki. Unazunguka. Kama tao si la duara, unachukua waya mnene wa fensi, unaulaza juu ya ukuta ukiukandamiza kwa kidole gumba mpaka ulifuate tao lote, kisha unaushusha taratibu na kuuchora kwenye ubao. Waya unabeba umbo la ukuta mpaka nyumbani. Halafu unapanga herufi kwa jicho, M yenye mapaja na I iliyokonda, usizipe nafasi sawa bali nafasi zinazofanana na sawa. Jicho halifundishwi na mtu. Ama unalo ama huna. Mimi nilikuwa nalo.

Mkono ndio ulioniasi. Miaka ya tisini ilipoanza, kikombe cha chai kilianza kunigonga meno. Nikasema ni baridi ya ziwa, maana tunakaa Wanyange, na asubuhi upepo unatoka majini. Kisha brashi ikaanza. Mstari ulionyooka niliweza kuudanganya kwa kuegemeza mkono kwenye fimbo. Herufi ya kupinda haina mahali pa kuegemeza fimbo; mkono lazima uzunguke hewani wenyewe, na wangu hewani ulikuwa unacheza ngoma. Mganga wa zahanati aliniuliza nimeshika rangi miaka mingapi, akatikisa kichwa, akanipa vidonge vya malaria.

Mke wangu ni Mgisu wa Wanale, na watu wa kwao hawajui kufunga neno mdomoni. Siku moja tulipita mbele ya kinyozi niliyekuwa nimemwandikia, akasimama.

"Baba, ile pale mwisho ni herufi au nyoka?"

"Ni herufi."

"Basi inaumwa."

Jioni ile alinipa chai nusu kikombe, isimwagike, na hakusema kwa nini.

Wakati huo Wahindi walikuwa wanarudi Jinja kudai nyumba zao, mlango baada ya mlango. Katika nyumba moja ya barabara kuu, mama mmoja akafungua duka la uchapaji. Alizaliwa Jinja, akakulia Kisumu baada ya familia yake kufukuzwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi wote. Alichapa kadi za harusi na kalenda za maduka, na alikuwa na kompyuta. Nikaenda kuiangalia, maana nilisikia inaandika neno likazunguka kama bangili.

"Mama, mashine hii inaweza kupinda neno?"

"Inaweza, Mzee. Kaa."

Akachora mstari wa kupinda kwenye kioo, akaandika maneno pembeni, akabonyeza mahali. Maneno yakaruka, yakapanda juu ya mstari na kuufuata kama siafu walioonyeshwa njia. Kazi ya kutwa nzima. Yeye hata miwani hakuivua.

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua jeneza ninapoliona.

Ila nikatazama vizuri. Pale mgongo wa tao ulipopanda, herufi zilikuwa zimeachana vichwani kama meno ya mzee. Pale mstari ulipobonyea, zilibanana kama ng'ombe mlangoni. Nikamwambia. Akaangalia, akakubali, akasukuma kiti chake upande.

"Basi njoo uzisogeze wewe."

Kile kitu cha kushika wanaita kipanya. Nilikishika, na mshale kwenye kioo ukaanza kutetemeka kama mimi. Nilitaka kuondoka. Yule mama akauangalia mkono wangu muda mrefu, akanionyesha vitufe vinne vyenye mishale pembeni mwa vile vya herufi. Ukibonyeza mara moja, kitu ulichokichagua kinasogea kidogo tu, kadiri ya unene wa unywele. Mkono utetemeke utakavyo. Kitufe kinasikia kidole, mtetemo hakiusikii.

Nilisogeza A karibu na V. Zikatulia. Sijui kama naweza kumweleza mtu ambaye mkono wake haujamwasi. Tangu ugonjwa uingie, hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichokiweka mahali nilipotaka, kikakaa.

Nikawa nakwenda mchana, wateja wakipungua. Nilijifunza jambo hilo moja tu katika mashine nzima, mengine sikuyataka. Mstari wa kupinda una vifundo, na kila kifundo kina masharubu mawili. Ukivuta sharubu, mstari unavimba upande ule, ukilirudisha, unanywea. Maneno yaliyopanda juu ya mstari yanavimba na kunywea pamoja nao. Unaweza kuyainua kidogo yasiguse mstari, kuyasukuma mbele au nyuma, au kuyapindua yaninginie chini yake kama popo. Mara nyingi yalinipindukia bila kutaka, na yule mama akawa anacheka na kuyarudisha. Umeme ulikuwa unakatika pia, katika mji wenye bwawa la umeme, na kazi ambayo haikuhifadhiwa ilikwenda nao. Tukikaa gizani nilikuwa namwambia kwamba rangi haikatiki. Alijibu kwamba haiwaki pia.

Siku moja alinieleza mambo wazi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na mimi napenda mtu wa namna hiyo.

"Mzee, jicho lako nalipenda. Lakini kazi za kupinda ninazopata hapa ni ndogo, za nembo na mihuri. Lete kazi moja kubwa, watu waione. Ikitoka vizuri, kiti hiki ni chako, kila siku, mpaka uchoke. Isipotoka, nitamtafuta mtu mwenye cheti."

Nilielewa. Brashi haikuwa tena yangu. Kama kiti kile nacho si changu, basi mimi si mchoraji. Ni mzee wa Wanyange anayemwaga chai.

Kazi ilitoka kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa katika kamati ya shule moja pale Mbale, chini ya mlima wa Wanale, na shule ilikuwa imejenga lango jipya la matofali lenye tao. Walitaka jina la shule likae juu ya tao, herufi za bati zilizochomelewa kwenye chuma kilichopinda, zisomeke kutoka barabarani. Shemeji alinipigania kwenye kamati. Sijui kwa nini. Labda dada yake alimwambia kuhusu kikombe.

Nilikwenda Mbale kupima. Lakini ulikuwa mwaka wa tohara, na mtu ambaye hajauona mwaka wa tohara Bugisu hawezi kujua barabara inakuwaje. Vijana wamepakwa unga mwili mzima, njuga mapajani, filimbi, ukoo wote nyuma yao unakimbia na kuimba, kundi linapita, linakuja jingine. Na sisi Wasoga hatutahiri, isipokuwa Waislamu. Kwa Wagisu mwanaume ambaye hakupita kisuni ni msinde, mvulana tu, hata kama ana mvi. Shemeji yangu alikuwa ananiita hivyo tangu nilipopeleka mahari.

Siku ile nilisimamisha ngazi upande wa ndani wa lango, ndani ya ua wa shule. Yeye alikuwa nje, barabarani, anashangilia.

"Shemeji, toka huku nje upime vizuri."

"Ndani kuna kivuli."

"Kivuli?" Akawageukia watu waliokuwa pembeni yake. "Mnamsikia msinde wangu? Anasema amefuata kivuli."

"Nimemwoa dada yako, nina wajukuu, na bado mimi mvulana?"

"Wajukuu ni bahati tu. Toka nje, kisu hakiumi, kinauliza swali moja."

Watu wakaangua kicheko, na kijana mmoja aliyepakwa unga akaja mpaka langoni akanichezea njuga usoni. Mimi sikuogopa. Nilikuwa na kazi, na ndani kweli kulikuwa na kivuli. Ila hadithi za Wasoga waliokamatwa sokoni Mbale mwaka kama ule, wakarudi kwao wanatembea miguu kando, nilizijua zote.

Nikapimia ndani. Tao lile halikuwa kama matao ya Jinja. Jinja ni mji wa tambarare, na maduka yale yalijengwa na Wahindi waliokuwa wanapima kwa pimamaji. Bega la kushoto na bega la kulia ni mapacha. Huku ardhi inateremka kutoka mlimani. Nguzo moja imesimama juu, nyingine chini, na fundi wa matofali aliliacha tao lishuke upande mmoja mpaka likute nguzo yake. Nililaza waya, nikaukandamiza mpaka ukalifuata tao lote, nikafunga kamba kati ya ncha zake mbili usijifungue njiani. Bega lililoshuka lilikuwa mkono wangu wa kushoto. Nikajisemea: kushoto. Sikufunga uzi wa alama. Sikuwahi kufunga uzi wa alama maishani mwangu, maana katika matao ya Jinja waya ungeulaza vyovyote na usingekosea.

Pale Busiu, mji mdogo wa njiani, nilipata lori la ndizi lililokuwa linakwenda Jinja, nikaufunga waya wangu ubavuni na kuukagua kila tuliposimama. Umbo halikubadilika hata kidogo. Hilo naliapia.

Tuliulaza kwenye sakafu ya duka, juu ya karatasi zenye miraba. Yule mama alipiga magoti pamoja nami na sari yake, akashika ncha moja.

"Huku kulikoshuka ndiko kushoto?"

"Kushoto."

"Una hakika, Mzee?"

"Mama, mimi nilikuwa pale. Wewe ulikuwa hapa."

Hakuuliza tena. Tukauchora, tukahesabu miraba, akaingiza vifundo kimoja kimoja mpaka tao la Wanale likasimama kwenye kioo na bega lake limeshuka kushoto.

Kazi iliyofuata ndiyo bora niliyowahi kufanya, na sitamruhusu mtu aipunguze. Tao lisilo sawa ni adui wa maandishi. Ukiyaacha mashine iyapange, upande mrefu herufi zinateleza kama watu kwenye matope, zinalala ubavu, na neno la mwisho linaanguka kutoka kwenye ukuta. Niliyasukuma maneno nyuma mpaka uzito wake ukakaa katikati ya mgongo. Nilivuta masharubu kidogo pale tao lilipokuwa na kigugumizi cha fundi wa matofali. Kisha nikaanza herufi moja moja kwa vile vitufe vya mishale. Hii inua. Hii ishushe. Hii izungushe kidogo, isimame kama mtu anayepanda mlima, mwili wima na miguu imefuata ardhi. Mke wangu akawa ananiuliza nimechekea nini nikila.

"Nimesimamisha R."

"Hongera. Imeanza lini kutembea?"

Tulichapa karatasi nyingi, tukaziunganisha kwa gundi sakafuni. Nikatoboa kingo za herufi kwa sindano na kugonga vumbi la mkaa lipite matundu mpaka kwenye bati, kama zamani. Kwa kazi hiyo mkono wowote unatosha. Fundi wa kuchomelea akakata, akakunja chuma akifuata karatasi, akaweka herufi juu yake. Yule mama alikuja kuangalia karakanani. Alisimama mbali, akasogea, akasimama mbali tena.

"Mzee," akasema, "Jinja nzima hakuna kitu kama hiki."

Tuliupeleka upinde ule Mbale. Msimu wa tohara ulikuwa umekwisha, barabara ilikuwa kimya, na safari hii nilisimama nje kama mtu mwenye haki zake. Kamati ilikuwepo. Fundi wa matofali na msaidizi wake waliubeba ule upinde juu ya ngazi mbili na kuuweka juu ya tao, uso wake barabarani.

Haukukaa.

Upande wa kushoto chuma kilichimba matofali, upande wa kulia kilielea juu kiasi cha kupitisha kichwa cha mbuzi. Wakausogeza. Ukawa mbaya zaidi. Shemeji akasema lori limeupinda. Nikasema haujapinda. Nilikuwa naangalia bega la tao lililoshuka, na lilikuwa mkono wangu wa kulia. Nililiangalia muda mrefu kabla akili haijakubali. Lango halikuwa limesogea. Ni mimi niliyekuwa nimesimama upande mwingine.

Waya hauna uso. Kipande cha mbao kina mbele na nyuma, mtu ana mbele na nyuma, waya hauna. Ulaze upande huu au ule, wenyewe hausemi.

Fundi wa matofali hakujua ninachofikiria. Alikuwa amechoka kushika chuma. Akamwambia msaidizi wake waushushie upande wa pili, ndani ya ua, wapumzike. Walipougeuza na kuuegemeza juu ya tao, uso wake uani, ulikaa. Ulikaa kama kifuniko kwenye chungu chake, kila herufi imesimama, hakuna pa kupitisha hata jani. Tukaingia ndani wote kuangalia. Ilikuwa kazi nzuri mno. Mtu akiwa anatoka shuleni alisoma jina la shule safi kabisa. Mtu akiwa anaingia aliona migongo ya herufi, imegeuka nyuma mbele, na viraka vya moto wa fundi wa kuchomelea.

Mzee mmoja wa kamati akasema, "Kwa hiyo mtoto atajua alikuwa shule gani siku anapoondoka."

Walicheka. Na mimi ningecheka, kama ingekuwa ya mtu mwingine. Nikawaambia nipeni nafasi nirudie. Mwenyekiti akasema bati halikui tena likishakatwa, na kwamba upinde ubaki pale pale ndani, kwa barabarani watamtafuta mtu apake maneno kwenye ubao.

"Ubao ulionyooka," akaongeza, kwa upole.

Nilimngoja shemeji aniite msinde mbele yao. Nilikuwa nimeandaa hata la kumjibu. Hakuniita. Alichukua ngazi yangu, akaiweka begani, akanisindikiza mpaka barabara kuu bila neno, na tulipofika akaniambia nimsalimie dada yake. Mtu ambaye amekutania tangu ujana wako, siku anapokuonea huruma, umekwisha.

Kwa yule mama nilikwenda mwenyewe. Sikutaka asikie kwa watu. Nikamwambia upinde umekaa ndani. Alielewa haraka kuliko mimi, akachukua kalamu, akachora tao dogo kwenye karatasi, akaigeuza karatasi na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaishusha.

"Nilikuuliza, Mzee."

"Uliniuliza."

"Ungesema huna hakika, tungepiga simu Mbale."

"Nilikuwa na hakika."

Akaiweka kalamu mezani. Halafu akasema kwamba kadi za Krismasi zimekuwa nyingi, na kwamba kuna mtu wa Kampala mwenye cheti amekuja kuuliza kazi, na amemwambia aanze Jumatatu. Nikamwomba aniachie kupanga nafasi za herufi tu, saa za mchana, hata kwa bure. Akasema yule mtu ana mtindo wake. Nikasema jicho halina mtindo. Akaniitikia, akanimiminia chai, akakijaza kikombe mpaka ukingoni kwa heshima, maana mke wangu hakuwepo kumwambia. Sikukishika. Tuliongea habari za mvua mpaka kikapoa, nikaaga.

Jumatatu nilipita upande wa pili wa barabara. Kiti kilikuwa na koti la mtu.

Mwaka uliofuata nilipata kazi kambini, kule kule nilikoanzia, ya kupaka chokaa mawe yaliyopangwa kando ya njia za magari. Unachovya brashi pana, unapiga jiwe, unakwenda linalofuata. Jiwe halijali mkono wako ukoje. Afande aliyekuwa ananisimamia alikuwa kijana wa kaskazini, mpole, na siku ya kwanza alinifuata kidogo akiangalia.

"Mzee, ulishawahi kufanya kazi ya rangi?"

"Kidogo."

"Basi pale kwenye kona usijisumbue. Paka tu. Magari yanajua kona iko wapi."

Nikapaka. Mvua ikinyesha chokaa inatoka, na wananiita tena.